Ordinateri ya Kulinda Sauti za Wazee: Namna ya Kuichagua kwa Feza Kidogo

Sehemu kubwa ya mila zetu haiko katika vitabu, iko katika masikio. Mtu akitaka kujua Bashi walikuwa wanaimba nini kwenye arusi, Bafuliiru walikuwa wanacheza ngoma gani baada ya mavuno, au Barundi walikuwa wanamsimulia mwami kwa inanga namna gani, hatakuta majibu hayo kwenye ubao wa darasa letu. Atayakuta kwa mzee mmoja mmoja, na wazee hao wanazidi kupungua. Sisi wa Kamanyola tuko na bahati ya pekee: tunakaa pale ambapo Kongo, Rwanda na Burundi zinakutana, mto Ruzizi ukipita katikati. Siku moja tu ya soko, utasikia Kimashi, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili, na kila lugha iko na nyimbo zake.

Pengine msomaji atajiuliza: sasa, ordinateri inaingiaje katika kitabu cha mila? Jibu ni hili. Nyimbo zetu zimekwisha kurekodiwa zamani, lakini na wengine, na zikaenda mbali. Mmarekani Alan Merriam alifika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi katika miaka ya 1951 na 1952. Akakaa na Bashi, akasikiliza vyombo vyao, na kisha akaandika makala juu ya vyombo hivyo na juu ya mulizi wa Kishi na filimbi yake. Hugh Tracey naye alizunguka nchi nyingi za Afrika na vifaa vyake vya kurekodi, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika mji wa Makhanda, Afrika ya Kusini. Jumba la makumbusho la Tervuren, kule Ubelgiji, liko na hazina kubwa ya sauti za Kongo. Hatuwalaumu watu hao. Bila wao sauti nyingi zingekuwa zimekwisha potea. Lakini mwalimu wa Kamanyola anayetaka kuwasikilizisha wanafunzi lulanga hawezi kupanda ndege kwenda Tervuren kila muhula.

Leo ile kazi iliyohitaji safari kubwa na vifaa vizito inaingia katika mfuko wa shule. Neno linalobaki ni feza, na kujua kuitumia.

Katika chama chetu cha utamaduni tulichanga kidogo kidogo, sawa na likelemba ya wamama sokoni, mpaka tukafika dola 400. Hapo ndipo mabishano yalianza. Vijana walitaka feza yote iende katika ordinateri moja kubwa, mpya, yenye mataa ya rangi kwenye vibonye, ile ya michezo. Wazee walisema vijana wanatafuta mashine ya kutengeneza ndule zao, si ya kulinda mila. Sisi walimu tuliulizwa tuamue, kwani kwetu mwalimu anaulizwa kila kitu, hata kile ambacho hakukisomea. Tukaomba majuma mawili ya kutafuta habari kwa mafundi wa Bukavu, wa Uvira na wa Bujumbura. Haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa faida ya vyama vingine, korale za parokia na shule zilizo katika hali kama yetu.

Jambo la kwanza: kabla ya kuuliza bei, ujue kazi. Kurekodi sauti si kazi nzito kwa ordinateri, si kama kutengeneza video. Tupige hesabu. Sauti ya ubora mzuri inakatwa mara 48 000 kwa sekunde, na kila kipande kinaandikwa kwa biti 24, yaani baiti 3. Kwa njia mbili, kushoto na kuume, dakika moja inakula karibu megabaiti 17, na saa moja karibu gigabaiti 1. Kwa hiyo mzee akisimulia na kuimba kwa saa kumi, tunahitaji gigabaiti 10 tu na kidogo. Hesabu hii ilinyamazisha mabishano mengi. Mashine ya dola 800 haiandiki sauti ya muzee vizuri kuliko mashine ya dola 200. Kinachobadilisha sauti ni mikro, mahali pa kurekodia, na ukimya.

Jambo la pili: roho ya mashine, ndiyo prosesa. Kwa feza yetu tulitafuta zile za okazyo, lakini si kila okazyo. Zile nzuri ni zile zilizotengenezwa kwa kazi za maofisi, kwa mfano ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Makampuni makubwa ya ng'ambo yanazitumia kwa miaka michache, kisha yanaziuza kwa wingi, nazo zinafika mpaka kwetu. Zina mwili mgumu, na fundi anaweza kuzifungua na kubadilisha kitu. Usomwe namba ya prosesa. Kwa Intel, kwenye i5-8250U, ile 8 inayofuata mstari inaonyesha kizazi cha nane. Kwenye i5-10210U ni kizazi cha kumi. Tofauti si ya jina tu. Ile i5-7200U ya kizazi cha saba ina viini viwili, lakini i5-8250U ina vinne. Muuzaji atakwambia tu: "Papa, hii ni i5." Umujibu: "Ya kizazi gani?" Akishindwa kujibu, washa mashine mwenyewe ukasome.

Kizazi hicho cha nane kina faida nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo ordinateri ya mwaka 2018 kama ThinkPad T480, Latitude 7490 au EliteBook 840 G5 bado iko na maisha mbele yake. Mwenye mashine ya zamani zaidi asiitupe. Anaweza kuiwekea Linux, ambayo hailipishwi, na kurekodi bila shida. Kama hana intaneti nyumbani, hata usalama wa Windows ya zamani hautamsumbua sana, mradi asichomeke fulashi za kila mutu.

Jambo la tatu: memwari na diski. Memwari ya gigabaiti 8 inatosha kwa kurekodi na kuchanganya sauti. Gigabaiti 4 zinaweza kurekodi mtu mmoja, lakini vijana wakiongeza ngoma na piano za ndani ya programu, mashine itachoka. Gigabaiti 16 ni vizuri, lakini zinaweza kungoja, kwani katika mashine kama T480 memwari inaongezwa baadaye. Diski iwe ya SSD, hata ikiwa ndogo ya gigabaiti 256. Ile ya zamani yenye sahani inayozunguka ni polepole, inatoa mlio, tena inaogopa kutikiswa. Sisi tunabeba ordinateri juu ya pikipiki kupanda milima ya Ngweshe. Sahani inayozunguka na njia zetu haziwezi kupatana.

Jambo la nne, ambalo wauzaji hawalisemi: kelele ya mashine yenyewe. Inanga ya Kirundi mara nyingi inaimbwa kwa kunong'ona, sauti ya mwimbaji ikitembea chini ya nyuzi. Lulanga nayo haina makelele ya gitaa ya umeme. Sasa weka karibu nayo ordinateri ambayo feni yake inavuma kama ndege: utarekodi feni. Huku bondeni joto ni kali, na mashine za michezo zinapata moto haraka kuliko zote. Ndiyo sababu tulizikataa. Prosesa zenye herufi U mwishoni mwa namba zinakula umeme kidogo na hazipati moto sana. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwaka 2020, haina feni kabisa, na kwa kazi hii ni nzuri mno. Lakini bei yake ilizidi mfuko wetu, na memwari yake haiongezwi. Kwa ordinateri nyingine zote dawa ni rahisi: mikro iwe na kamba ndefu, mashine ikae mbali kidogo, nyuma ya ukuta au mlango, na isiwekwe juu ya kitambaa kinachoziba matundu ya hewa.

Jambo la tano: umeme. Mto wetu Ruzizi unazalisha umeme tangu enzi za wakoloni, na bwawa la Ruzizi II, la mwaka 1989, ni mali ya nchi zetu tatu pamoja. Hata hivyo si kila nyumba inayokaa karibu na mto ina taa, na muzee tunayemtafuta mara nyingi anakaa juu kabisa mlimani. Kwa hiyo batri inahesabika kama prosesa. T480 ina batri mbili, moja ndani na moja ya kuondoa nyuma, tena inakubali kuchajiwa kwa tundu la USB-C. Ordinateri ya aina hii ikifanya kazi ndogo inakula wati 10 mpaka 20. Tukihesabu 20, saa tano za kazi ni wati-saa 100. Batri ya plake ya jua ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1 200, na hata ukitumia nusu tu usiiharibu, inabaki ya kutosha. Kuna siri nyingine: wakati wa kurekodi uchomoe chaja. Chaja nyingi zinaingiza mngurumo katika sauti, na mngurumo huo ukishaingia, kuutoa ni kazi kubwa.

Jambo la sita: kuchunguza kabla ya kulipa. Sisi tulienda na karatasi yenye orodha, tukasimama mbele ya muuzaji kama wasimamizi wa mitihani ya Serikali. Tuliandika kwenye dirisha la amri maneno powercfg /batteryreport, ambayo yanaonyesha batri ilizaliwa na nguvu gani na leo inabakiza ngapi. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, bei nayo ishuke. Tulizima na kuwasha upya, tuone kama mashine haidai neno la siri la kampuni ya zamani kabla ya Windows, kwani iliyofungwa namna hiyo ni matatizo matupu. Tulijaribu kila tundu la USB kwa fulashi, kila kibonye, sauti ya kaske, na kiuo kizima. Tuliacha video icheze nusu saa tusikilize feni. Tuliangalia pia vibonye: sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumezoea AZERTY, na nyingi za okazyo ni QWERTY. Hilo si kosa la mashine, lakini ni sababu nzuri ya kuomba dola kumi zipunguzwe.

Mwishowe tulilipa dola 220 kwa ordinateri. Zile 180 zilizobaki hazikurudi katika sanduku la chama. Dola 60 zilinunua kile kisanduku cha kuingiza sauti kwa USB. Dola 45 zilinunua mikro na mguu wake, 20 kaske iliyofunika masikio, na 55 diski ya nje. Vijana walinung'unika kwamba tumekata feza ya mashine. Tukawaeleza hivi: tundu dogo la ordinateri ya mkononi limetengenezwa kwa simu na mazungumzo, linapokea mikro ya njia moja tu, na lina mvumo. Kile kisanduku ndicho kinachogeuza sauti kuwa namba kwa usafi, na kikiwa na volti 48 kinaweza kulisha mikro ya kondensa, ile inayosikia hata kidole kinapogusa uzi. Mikro ya dinamiki haihitaji volti hizo, na ni bora pale ambapo kuna watoto, kuku na mvua juu ya mabati. Kwa kaseti za zamani, ambazo familia nyingi zimezificha ndani ya masanduku, kisanduku hicho kinaunganishwa na redio-kaseti. Kaseti moja ya dakika 90 inaingia katika gigabaiti 1 na nusu.

Juu ya programu, hatukununua hata moja, wala hatukuiba. Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, ni ya bure, na inatosha kwa kurekodi, kukata na kusafisha. REAPER ni nyepesi sana, inakuruhusu kuijaribu siku 60, na leseni yake ya bei ndogo ni dola 60. Tuliwakataza vijana zile programu zilizovunjwa zinazouzwa kwa fulashi: nyingi zinakuja na virusi, na virusi vinaweza kufunga nyimbo za miaka mizima kwa saa moja. Neno moja la kiufundi linafaa kujulikana. Mwimbaji akijisikia ndani ya kaske kwa kuchelewa, si mashine mbovu. Upunguze kile kipimo kinachoitwa bafa. Bafa ya sampuli 512 kwa 48 000 inachelewesha karibu milisekunde 11, ile ya 128 karibu 3. Ikipungua mno, sauti itakatika-katika. Wakati wa kuchanganya, uirudishe juu.

Wazee waliogopa kwamba vijana watageuza chombo cha mila kuwa studio ya ndule. Maoni yetu ni kwamba hofu hiyo ina upande mmoja tu. Konono No. 1 wa Kinshasa walichukua likembe, wakaipa umeme na vipaza sauti walivyojitengenezea kwa vyuma vya kuokota, na katikati ya miaka ya 2000 dunia nzima ikawasikia. Kule Dar es Salaam, vijana wa singeli walitengeneza muziki wao wa mbio kwa ordinateri za kawaida katika studio ndogo za mitaani, na mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso ukaupeleka nje ya Tanzania. Kijana anayejua kukata sauti ya ngoma kwa ajili ya wimbo wake ndiye yule yule atakayejua kusafisha sauti ya muzee. Kwa hiyo tulikubaliana: siku za mafunzo na za kurekodi, mashine ni ya mila, Jumamosi mchana, ni ya vijana, nao wanalipa umeme. Sauti ya muzee haiingii katika wimbo wa kijana mpaka muzee mwenyewe akubali, na nyimbo ambazo mila inasema zisisikiwe na kila mutu hazitoki kabisa.

Swali gumu kuliko yote halikutoka kwa fundi. Lilitoka kwa mpiga lulanga mmoja mwenye umri mkubwa, tulipomwendea kuomba ruhusa. Alitazama ile mashine muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, siku ile masini itakufa, batoto bangu batanisikia wapi?" Hakukataa kurekodiwa. Alitaka tu jibu kabla hajagusa nyuzi.

Alikuwa na haki. Mwaka 2025 vita vilifika Kamanyola, na maelfu ya watu wa bonde walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, chungu na godoro. Ordinateri inabaki, au inachukuliwa. Na hata bila vita, diski inakufa bila kutoa taarifa. Kwa hiyo jibu letu kwa muzee lilikuwa hili: kila rekodi itakuwa na nakala tatu. Moja ndani ya ordinateri, moja katika diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na ya tatu mbali, katika mji mwingine, kwa mtu tunayemwamini. Tena familia yake itapewa nyimbo zake zote katika kadi ndogo ya simu. Kwa MP3 ya kawaida dakika moja inakula karibu megabaiti 1, hivyo hata simu ya kibonye yenye nafasi ya kadi inaweza kubeba saa nyingi za lulanga. Muzee alifikiri, akauliza kama mjukuu wake anayekaa Uvira naye atapata kadi. Tukasema ndiyo. Akaomba maji ya kunywa, akaanza kukaza nyuzi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo chama hakikununua kitu, kilichukua tu daftari la shule. Kila rekodi ina mstari wake: tarehe, kijiji, lugha, jina la mwimbaji, chombo, wimbo ni wa shughuli gani, nani aliruhusu, na nakala ziko wapi. Jina la faili linaanza na mwaka, mwezi, siku, ili ordinateri izipange zenyewe. Sauti isiyo na habari hizi, baada ya miaka ishirini, itakuwa kelele nzuri tu ambayo hakuna anayeweza kusema ni ya nani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama chama chako, korale yako au shule yako iko na dola 400, au hata 250, msingoje msaada wa mtu kutoka mbali. Gaweni feza vizuri: nusu kwa mashine ya ofisi ya kizazi cha nane, nusu kwa mikro, kaske, kisanduku na diski. Na kama hamna hata hizo, anzeni na simu na daftari, katika chumba kisicho na kelele, juma hili hili. Wazee wa Kamanyola, wa Luvungi, wa Sange na wa Uvira wanajua nyimbo ambazo hakuna duka linaloziuza, na sisi tunajua nyumba zao.